Ibada imekwisha, tukale wapi?

Huenda unasoma ukurasa huu ukiwa bado na nguo za kanisani, au gazeti umelikunja kwapani ukisubiri ibada ya kwanza itoke ili nawe uingie. Kwa vyovyote vile, baada ya saa moja au mbili kuna swali litaulizwa pale nje, karibu na mnada wa ndizi na kuku wa sadaka, na litaulizwa na mtu mwenye njaa: "Jamani, tunakwenda kula wapi?"

Kwa jiji kama Dar es Salaam, jibu mara nyingi ni baa. Tusifichane. Anayetaka mbuzi wa kuchoma, ndizi na kachumbari yenye pilipili, au kitimoto kilichokaangwa kikakaangika, ataelekezwa Sinza, Tabata, Kinondoni au Kimara, na huko atakakoelekezwa atakuta kreti za bia zimepangwa ukutani. Migahawa isiyouza pombe ipo mingi, na pilau na biriani zake si za kubeza. Lakini nyama ya kuchoma kwa kilo, ile unayomwonyesha mchomaji kwa kidole ikiwa bado inaning'inia, kwa sehemu kubwa imeshikana na baa. Ndiyo maana Jumapili saa nane mchana utawakuta huko wanakwaya na sare zao, akina mama wamevaa vitenge vinavyofanana, na Biblia imelala mezani kando ya chupa ya tomato.

Najua hatuna msimamo mmoja. Msabato hatagusa kitimoto wala bia. Mlokole ataagiza soda, na pengine hatakanyaga hapo kabisa. Wakatoliki na Walutheri wengi hawaoni shida na bia moja au mbili, ingawa hata kwao wapo wazee ambao hawajawahi kuionja. Katharina von Bora, mke wa Martin Luther, alikuwa akitengeneza bia ya nyumbani kwao pale Wittenberg, na habari hii Walutheri wengine huikumbuka haraka kuliko Katekisimu. Sikusudii kuamua ugomvi huo leo. Makanisa yetu yamekuwa nao tangu kabla mimi na wewe hatujazaliwa. Ninalouliza ni dogo zaidi, na nadhani ni gumu zaidi: ukishaona kwamba dhamiri yako inakuruhusu kukaa pale, je, meza hiyo umeichagua kwa ajili ya nani?

Fungua Matendo ya Mitume sura ya 28. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Roma chini ya ulinzi wa askari. Waamini wa Roma wanasikia kwamba anakuja, nao wanatoka kumlaki njiani. Wanafika hadi Soko la Apio, na mahali pengine panapoitwa Mikahawa Mitatu. Jina hilo si la kupamba. Palikuwa ni kituo kwenye barabara kuu ya kwenda Roma, kiasi cha kilometa 50 kutoka mjini, mahali ambapo msafiri alipata chakula, kinywaji na pa kulaza ubavu. Fikiria waliokuwa wakisimama hapo: wafanyabiashara, wachunga punda, askari, watu wa kila namna. Hapo ndipo kanisa la Roma lilipokutana na mtume kwa mara ya kwanza, naye alipowaona alimshukuru Mungu, na moyo wake ukapata nguvu. Hatuambiwi walikula nini, wala nani alilipa. Tunaambiwa walitembea mwendo mrefu kwa ajili ya mtu mmoja aliyekuwa amechoka.

Basi anayesema kwamba Mkristo hawezi kumtukuza Mungu mahali pa namna hiyo, na aisome sura hiyo polepole. Hata Bwana wetu alisingiziwa ulafi na ulevi kwa sababu ya meza alizokubali kuketi. Ipo katika Luka 7.

Lakini Paulo huyo huyo, miaka kadhaa kabla, aliwaandikia Wakorintho maneno ambayo anayependa baa asiyaruke. Waliofukua magofu ya Korintho walikuta, kwenye hekalu la Asklepio, mungu wa uponyaji wa Wagiriki, vyumba vitatu vya kulia, kila kimoja kikiwa na nafasi ya vitanda 11, maana watu wa wakati ule walikula karamu wakiwa wameegemea. Vyumba kama hivyo vilikuwa sehemu ya maisha ya mjini. Jirani yako anakualika, nyama ni nzuri, na wewe unajua kabisa kwamba sanamu si kitu. Paulo anakubali kwamba sanamu si kitu. Nyama ya sokoni, anasema, nunua ule bila kuuliza maswali. Kisha anageuza shingo na kutazama mlangoni: je, yule ndugu aliyeacha sanamu juzi tu, akikuona umeegemea mle ndani, atafanya nini? Ni kwa sababu ya huyo Paulo alisema yuko tayari asile nyama tena maisha yake yote. Mtu aliyekuwa na haki ya kula, anaiacha kwa ajili ya mwingine.

Sasa tuje kwenye kamati ya harusi.

Wewe unayeishi mjini unaijua. Kila wiki, jioni baada ya kazi, mwenyekiti, katibu, mhazini na wajumbe thelathini wanakutana baa. Wana sababu yao, na si mbaya. Ukumbi unalipiwa, baa hailipiwi. Mwenye baa anapanga viti bure kwa sababu anajua kila mjumbe ataagiza kitu. Kikao kinafunguliwa kwa sala, ahadi zinasomwa, wadaiwa wanatajwa majina, watu wanacheka, kikao kinafungwa kwa sala. Halafu raundi zinaanza. Mtu aliyetoa ahadi kubwa anapongezwa kwa kuwekewa bia mbele yake, mbili, tatu, zimesimama mstari. Na anayesema "mimi soda" ataulizwa kama yuko kwenye dozi.

Namfahamu baba mmoja aliyekuwa ameacha pombe miezi kumi na minne. Jina na usharika wake nauficha. Waliokaa na mlevi nyumbani wanajua miezi kumi na minne ni urefu gani: ni ada ya shule iliyolipwa kwa wakati, ni mke anayelala bila kusikiliza hatua za mlangoni. Binti wa kaka yake akaposwa. Yeye ni baba mdogo, hawezi kukosa kikao. Kikao cha kwanza alikaa pembeni na maji yake. Cha pili vilevile. Cha tatu akatangaza ahadi nzito, watu wakapiga makofi, na mjumbe mmoja, kwa furaha na bila ubaya wowote, akamwekea bia mbili. Aliziacha mezani, akacheka pamoja nao. Kikao cha nne hakuziacha. Kikao cha tano hakuonekana, na cha sita mchango wake aliuleta mkewe ndani ya bahasha. Alimkabidhi mhazini, akauliza jambo moja tu: "Hivi hapakuwa na mahali pengine?"

Mezani pale wote walikuwa Wakristo. Hakuna aliyemlazimisha, na hakuna aliyekuwa amevunja amri ya kanisa lake. Ungewauliza mmoja mmoja, kila mtu angekuonyesha haki yake, na angekuwa sahihi. Mimi huwaza kwamba barua ile ya Korintho iliandikwa kwa ajili ya meza ya namna hiyo hasa, ambako hakuna mkosaji na mtu ameanguka.

Kuna habari nyingine ambayo sijaisikia mara nyingi mimbarani, ya Warekabi, katika Yeremia 35. Nabii anawaita ndani ya nyumba ya Bwana, anawawekea mabakuli ya divai na vikombe, anawaambia wanywe. Ni nabii, na wako hekaluni! Nao wanakataa, kwa sababu baba yao Yonadabu aliwaagiza wasinywe. Hawatoi hotuba, wala hawamlaumu Yeremia kwa kuwawekea divai. Na Mungu anawasifu mbele ya Yerusalemu yote. Nakuomba, msomaji, unapochagua mahali pa kukaa, pima kwa kipimo hiki: je, hapa mtu anaweza kuagiza maji na watu wakaendelea na mazungumzo yao? Kama meza yako haiwezi kumstahimili Mrekabi mmoja, tatizo si yeye.

Mambo mengine nitayapita haraka. Muziki: kama mnalazimika kupigiana kelele masikioni, hamjaenda kula pamoja, mmekwenda kukaa karibu. Watoto: baa nyingi siku hizi zina bembea na majumba ya kurukia, na wazazi huona wameokoa siku. Mchana hewani, kwa saa moja ya chakula, sina ugomvi nawe. Lakini saa mbili usiku mtoto akiwa amelala kwenye viti viwili vilivyounganishwa, hapo hatuko tena kwenye chakula cha Jumapili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia pombe aliye chini ya miaka 18. Kinachoingia machoni mwake hakiuzwi, anapewa bure na sisi. Na aliyekunywa asiwape watu lifti. Bodaboda na teksi zipo.

Nina neno moja refu zaidi, nalo ni juu ya mhudumu.

Umeona anavyokuja na jagi la maji ya uvuguvugu na beseni, anainama, anakunawisha mikono, kisha anahamia kwa wa pili na wa tatu mpaka meza nzima iishe? Wengi hunyoosha mikono huku wakiendelea kuongea, bila kumtazama. Tumetoka kusoma Yohana 13 na bado hatumwoni mtu mwenye beseni. Jumapili ndiyo siku yake nzito kuliko zote. Huenda jana alifunga kazi usiku wa manane, na asubuhi hii wakati wewe unaimba yeye alikuwa anafuta meza. Wengine wana rozari shingoni. Wanatujua kwa majina ya makanisa yetu: wale wanaogombana na bili, wale wanaoita kwa kupiga miluzi, wale ambao mzee wao akishapata ya tatu mkono wake unasahau adabu. Kabla hujakaa mahali, tazama kwanza mwenye baa anavyosema na mabinti wake wa kazi. Akiwafokea mbele ya wateja, nyama yake hata iwe laini namna gani, inuka uende kwingine. Na ukipata anayekuhudumia vizuri, mwachie chenji bila kuifanya tangazo.

Mwaka huu, katika familia ile ile, ameposwa binti mwingine. Safari hii mwenyekiti, kabla ya kuita kikao cha kwanza, alimpigia simu baba mdogo akamwuliza angependa wakutanie wapi. Baba akataja mgahawa mmoja wa pilau karibu na kituo cha daladala, unaofunga saa mbili na nusu usiku, hivyo kikao hakina nafasi ya kuwa kirefu. Wajumbe sita wameacha kuja. Mwenyekiti mwenyewe analalamika kila Jumatano kwamba pale hakuna kitimoto. Baba mdogo ndiye anayeshika daftari la ahadi, na hadi wiki iliyopita mchango ulikuwa umefika nusu.