Kilichotokea Nakuru na Naivasha kiliitwaje Hague?

Neno "jinsia" limechakaa kwa matumizi. Ukilisikia redioni, nyuma yake kuna "dhuluma", na msikilizaji akilini mwake anamwona mwanamke aliyebakwa au aliyepigwa na mumewe. Picha hiyo si uongo, ila ni nusu ya maana. Na nusu hiyo iliwahi kuwagharimu watu wa Bonde la Ufa mbele ya majaji wa kimataifa. Nalieleza jambo hili kwa sababu kila nikitaja haki za wanawake na sheria za kimataifa, ndugu zangu wa barazani huniambia hayo ni mambo ya Wazungu na semina za hotelini. Basi leo tuache semina, twende Nakuru.

Kwanza tuweke maneno sawa. Kiswahili kinatupa maneno mawili ambayo sheria inayahitaji. "Kingono" ni jambo la tendo la ngono na viungo vyake. "Kijinsia" ni pana zaidi: ni yale ambayo jamii inamtarajia mtu awe kwa sababu ni mwanamume au mwanamke, na adhabu anayopewa kwa sababu hiyo. Ubakaji huwa ni kingono na kijinsia kwa pamoja. Msichana kunyimwa shamba la babake ni kijinsia, hakuna ngono ndani yake. Magazeti yetu huyachanganya hayo mawili kila siku, na sitawalaumu sana, maana hata majaji walijikwaa hapo hapo.

Mwishoni mwa Januari 2008, mwezi mmoja baada ya uchaguzi ule, ghasia zilikuwa tayari zimeteketeza sehemu za kaskazini ya Bonde la Ufa. Kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilikuwa limechomwa na watu ndani yake tangu Januari mosi. Kisha moto ukashuka kusini kwa sura ya kisasi. Nakuru iliwaka kuanzia tarehe 24 hadi 27, na Naivasha tarehe 27 na 28. Waliolengwa katika miji hiyo miwili walikuwa wale waliodhaniwa kuwa wafuasi wa chama cha ODM, hasa Waluo, Waluhya na Wakalenjin. Naivasha ni mji wa mashamba ya maua, na wafanyakazi wake, wanawake wengi sana miongoni mwao, wametoka kila pembe ya nchi na wanaishi kwenye vyumba vya kupanga. Mlango wa chumba cha kupanga hauhitaji nguvu nyingi kuvunjwa. Watu waliuawa kwa mapanga na kwa kuchomwa, wanawake walibakwa, na wanaume wa Kiluo walikamatwa wakatahiriwa kwa nguvu barabarani, kwa panga au kwa chupa iliyovunjwa. Wengine walikatwa uume.

Tume iliyoongozwa na Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa nchi nzima, na katika ripoti yake ya Oktoba 2008 ilitenga sura nzima kwa ajili ya dhuluma za kingono. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Tume zetu za zamani zilikuwa na mazoea ya kuwataja wanawake katika sentensi moja, baada ya ng'ombe na nyumba.

Nchi iliposhindwa kuunda mahakama yake maalumu, kesi zikaenda Hague. Hapa ndipo mpasuko wa kwanza ulipoonekana. Katika kesi ya kwanza, ile ya Eldoret na viunga vyake, mwendesha mashtaka hakuweka ubakaji miongoni mwa mashtaka. Katika kesi ya pili aliuweka, lakini majaji wakakataa tangu Machi 2011 kuingiza matukio ya Kisumu na Kibera, ambako polisi ndio walioshutumiwa. Yakabaki ya Nakuru na Naivasha peke yake. Kwa hiyo mwanamke aliyebakwa Kisumu na mwanamke aliyebakwa Naivasha, ghasia zile zile, mwezi ule ule, mmoja alikuwa na kesi na mwenzake hakuwa nayo.

Tarehe 23 Januari 2012 jopo la majaji watatu likathibitisha mashtaka dhidi ya Francis Muthaura na Uhuru Kenyatta, yakiwemo mauaji, kuhamisha watu kwa nguvu, ubakaji na mateso ya kisiasa. Mashtaka dhidi ya Meja Jenerali Hussein Ali hayakuthibitishwa. Ndani ya uamuzi huo mna aya chache ambazo wasomi wa sheria hawajaacha kuzijadili mpaka leo.

Mwendesha mashtaka alitaka tohara ya nguvu na kukatwa uume viitwe dhuluma ya kingono. Wakili wa waathiriwa, Morris Anyah, aliunga mkono hoja hiyo, akieleza kwamba waliofanya vile hawakukusudia kiungo tu. Walikusudia kuvunja uanaume wa mtu ndani ya jamii yake. Majaji walikataa. Walisema si kila shambulio kwenye viungo vya siri ni la kingono, na kwamba ushahidi ulionyesha msukumo wa chuki ya kikabila, kabila moja kutaka kuonyesha kuwa utamaduni wake ni bora kuliko wa jingine. Wakayaweka matendo hayo kwenye kapu la "matendo mengine ya kinyama".

Msomaji atauliza: kuna tofauti gani, ikiwa kosa bado ni kosa? Mtu aliyekatwa hapungukiwi maumivu kwa sababu ya kichwa cha shtaka. Kweli. Lakini jina la kosa ndilo linaloamua ushahidi gani utafutwe, shahidi alindwe vipi, na fidia na tiba za baadaye ziwe za namna gani. Zaidi ya hapo, tazama hoja yenyewe ya majaji: wamesema ni ukabila, kwa hiyo si ungono. Kana kwamba lazima iwe kimojawapo. Hapa ndipo fikra za ufeministi zinapomsaidia mwanamume, jambo ambalo wapinzani wa neno hilo hawalitarajii. Kwa miaka mingi wanawake wasomi wa sheria wamekuwa wakisema kwamba katika vita mwili wa mtu hushambuliwa ili ujumbe uwafikie watu wake. Mwanamke hubakwa ili kabila lake lijue limeshindwa. Mwanamume wa Kiluo hutahiriwa kwa panga ili aambiwe kuwa yeye si mwanamume kamili na hafai kutawala. Ukabila ulipitia kwenye jinsia. Huwezi kukitoa kimoja kikabaki kingine.

Nakumbuka meseji zilizozunguka Mombasa mwaka ule zikifanya mzaha juu ya jambo hilo. Kwetu Pwani tohara ni suna na furaha ya nyumba, mtoto huvishwa kanzu na watu wakala pilau, basi wapo walioona kichekesho: kwani wamefanyiwa ubaya gani? Wallahi nilizisikia kwa masikio yangu kutoka kwa watu wanaosali. Ibada bila nia na ridhaa si ibada, na panga barabarani si ngariba.

Aliyeona mapema kwamba jina la kosa ni jambo zito hakuwa Mzungu wala hakuwa wa karne hii. Kadhi Abu Bakr Ibn al-Arabi wa Andalusia, aliyefariki mwaka 1148, alipelekewa kesi ya majambazi waliovamia msafara wakamchukua mwanamke. Baadhi ya mafakihi walishikilia kwamba hilo si hiraba, yaani si ujambazi wa kuvunja amani ya nchi, kwa sababu hiraba inahusu mali. Yeye aliwashangaa. Aliona kuvamia utupu wa mtu ni kuzito kuliko kuvamia mali, na kwamba kila mtu angekuwa radhi aporwe mali kuliko achukuliwe mkewe au bintiye. Hoja yake ilikuwa mbele ya wakati wake. Ila angalia pia ilivyojengwa: inapima ubaya kwa uchungu wa mume na baba.

Kipimo hicho hicho kiliingia kwenye sheria za kimataifa. Mkataba wa Nne wa Geneva wa mwaka 1949 unawalinda wanawake dhidi ya ubakaji kama shambulio juu ya heshima yao. Sisi wa Pwani heshima hatuichukulii kwa wepesi, lakini mahakamani neno hilo huleta shida, kwa sababu mara swali linakuwa ni kama mwanamke alikuwa nayo hiyo heshima kabla. Hata mkataba mkuu wa haki za wanawake, CEDAW, wa mwaka 1979, haukutaja dhuluma dhidi ya wanawake kwa jina. Ilibidi kamati yake itoe ufafanuzi mwaka 1992.

Mabadiliko makubwa yalipatikana jirani hapa, Arusha. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya Umoja wa Mataifa kuhusu Rwanda ilimhukumu Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, ikasema kwa mara ya kwanza kwamba ubakaji unaweza kuwa njia ya kutekeleza mauaji ya kimbari. Shtaka la ubakaji halikuwemo mwanzoni. Lilitokana na mashahidi wanawake waliolisema kizimbani, na hati ya mashtaka ikarekebishwa kesi ikiwa njiani. Kwenye jopo lile alikuwapo mwanamke mmoja, Navanethem Pillay wa Afrika Kusini. Huwa naambiwa siri ni kuweka mwanamke kwenye jopo. Lakini jopo la Hague lililotoa uamuzi wa Nakuru na Naivasha liliongozwa na mwanamke, Ekaterina Trendafilova, hivyo mimi siamini siri ni rahisi kiasi hicho.

Kesi yenyewe haikufika kwenye ushahidi. Mashtaka dhidi ya Muthaura yaliondolewa Machi 2013, na yale ya Kenyatta Desemba 2014, mwendesha mashtaka Fatou Bensouda akilalamika kuhusu mashahidi na serikali kutotoa ushahidi aliouomba. Hakuna aliyepatikana na hatia, na walioshtakiwa walikana tangu mwanzo. Mwezi Juni 2014 ofisi ya Bensouda ilikuwa imetoa sera inayotenganisha waziwazi makosa ya kingono na makosa ya kijinsia. Kwa watu wa Naivasha sera hiyo ilifika wageni wakishaondoka.

Nyumbani, njia iliyobaki ilikuwa Mahakama Kuu. Mwaka 2013 shirika la COVAW, mashirika mengine na manusura wanane, wanawake sita na wanaume wawili, waliishtaki serikali. Hukumu ilitoka Nairobi tarehe 10 Desemba 2020, karibu miaka 13 baada ya ghasia. Manusura wanne walipewa shilingi milioni 4 kila mmoja. Wanne wengine hawakupata kitu.

Ule mgawanyo wa wanne kwa wanne ndio somo lote. Mwaka 1991 wanasheria Hilary Charlesworth, Christine Chinkin na Shelley Wright waliandika makala iliyotikisa taaluma yao (Charlesworth leo ni jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki). Walisema sheria ya kimataifa imejengwa juu ya ukuta kati ya mambo ya dola na mambo ya watu binafsi. Dola ikikudhulumu, sheria inasikia. Jirani akikudhulumu, sheria inauliza serikali inahusikaje. Na wanawake wengi huumizwa upande ule wa jirani. Sasa irudie hukumu ya Nairobi: walioumizwa na maafisa wa usalama walipata, na aliyeumizwa na raia alipata kwa kuwa alikwenda polisi na hakushughulikiwa. Walioumizwa na raia wasiende polisi walikosa, kwa sababu serikali haingeweza kulaumiwa kwa kutochunguza jambo isilolijua. Kwenye karatasi hoja hiyo inasimama. Lakini Januari 2008, barabara zimefungwa, na polisi wenyewe wakiwa miongoni mwa wanaoshutumiwa, mtu angeripoti wapi?

Wanaosema sheria hizi hazitufai hapa waangalie pia Eldoret. Miaka mitatu kabla ya ghasia, Aprili 2005, Mahakama ya Rufani ilikaa hapo kuamua mirathi ya familia ya Rono. Mahakama ya chini iliwapa mabinti kidogo kuliko ndugu zao wa kiume, kwa hoja kwamba huenda wakaolewa. Jaji aliyeandika hukumu kuu ya kuitupilia mbali hoja hiyo, akiitegemea CEDAW, alikuwa Philip Waki huyo huyo. (Sisi Waislamu Sheria ya Urithi inatuachia mirathi yetu, na mjadala huo una siku yake.) Baadaye Katiba ya 2010, kifungu cha 2, ikasema mikataba ambayo Kenya imeridhia ni sehemu ya sheria za Kenya.

Na yule mwanamume wa Naivasha? Kuna sheria ya mwaka 2011 inayokataza ukeketaji wa wanawake kwa jina, na Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kumtahiri mtoto wa kiume kwa nguvu. Mwanamume mtu mzima akikamatwa barabarani kesho, polisi watafungua jalada la kujeruhi.