Mbwa wa manyoya marefu: Siku tatu za safari zatosha kumletea funza

MBWA mwenye manyoya marefu hupendeza langoni, lakini katika joto la Bujumbura sehemu zake za nyuma zinahitaji kuangaliwa kila siku. Mkazi wa Kinanira aliyerejea nchini na mbwa wa aina hiyo, au aliyenunua mmoja baada ya kurudi, ni vyema alijue hilo mapema.

Manyoya ya chini ya mkia hunasa kinyesi, hasa mbwa anapoharisha. Kikikauka, manyoya husokotana na kuwa bonge gumu linaloweza kuziba njia ya haja kubwa. Mbwa huchuchumaa, hujikamua na kulia, na mwenye mbwa hudhani ni tumbo.

Hatari kubwa zaidi ni nzi. Wale wakubwa wa kijani hufuata harufu na kutaga mayai kwenye manyoya machafu yenye unyevu. Mayai huweza kuanguliwa ndani ya saa 24, kisha funza huanza kula nyama ya mbwa aliye hai. Mfanyabiashara anayepitia Mugina kwenda Kigoma, au Kobero kwenda Ngara, akichelewa siku tatu anaweza kumkuta mbwa wake taabani.

Namna ya kusafisha

Kazi hii inataka watu wawili. Mmoja amshike mbwa kichwani na kumtuliza. Akiwa mkali, afungwe mdomo kwa muda mfupi kwa kitambaa laini, bila kubana pua. Mwingine avae glavu au mifuko ya plastiki mikononi.

Lowesha bonge kwa maji ya uvuguvugu hadi lilainike. Pitisha kitana kati ya ngozi na bonge, kisha kata juu ya kitana kwa mkasi wenye ncha butu. Usivute, maana ngozi ya hapo ni laini na huchanika upesi. Osha kwa sabuni isiyo kali, suuza, na ukaushe vizuri. Punguza manyoya yabaki kama sentimita moja, na urudie kila baada ya wiki nne hadi sita.

Usipake mafuta ya taa wala oili chafu. Mbwa hujilamba, na vitu hivyo ni sumu kwake.

Ukiona funza, kidonda, damu, au mbwa akijiburuza matako chini mara kwa mara, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Aidha, hakikisha mbwa amechanjwa kichaa cha mbwa kabla ya kuanza kazi hii. Akikung'ata, osha jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha nenda hospitali bila kuchelewa.

Kwa msafiri, mwonyeshe zamu wako namna ya kuinua mkia na kukagua asubuhi na jioni. Kumwachia chakula peke yake hakutoshi.