Moshi wa Nyumbani

Mwezi huu twanena habari ya kitu kidogo sana, hata jicho halikioni, nacho chaingia vifuani mwa watoto wetu kila siku.

Huko Kwihara, karibu na Tabora, ipo nyumba ya tembe, ukumbusho wa Livingstone aliyekaa hapo mwaka 1872. Njia ya misafara ilikuwa na nyumba nyingi za namna hiyo: kuta nene, paa la udongo, madirisha haba. Zilizuia baridi na adui, lakini moshi ulikosa pa kutokea. Leo tuna bati na matofali, walakini vyumba vingi vya kupikia vingali na kitundu kimoja tu.

Ndani ya moshi mna chembe zisizofika upana wa maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa wazishinda kwa upana kama mara 30. Vumbi kubwa hunaswa puani. Chembe hizi hufika mwisho wa mapafu, na nyingine huingia damuni. Huleta kichomi kwa watoto, na kwa wakubwa maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria ya kuwa mwaka 2020 hewa chafu ya nyumbani iliua watu milioni 3.2, na katika hao watoto wa chini ya miaka 5 walizidi 237,000.

Je, ni nani aketiye katika moshi huo? Ni mama, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwake. Sisi wanaume twakaa barazani penye hewa safi, twangoja chakula, kisha twauliza mbona mtoto haachi kukohoa. Kosa hili ni letu.

Mwaka 2024 Serikali iliweka shabaha kwamba ifikapo 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wakipikia nishati safi. Gesi na umeme ni vyema, ila si kila nyumba yaviweza leo. Asiyeweza na aanze na haya: akaushe kuni barabara, apikie nje, au penye madirisha mawili yanayoelekeana, aweke mtoto mbali na moto, aache kibatari, kwa maana masizi yake ni mengi.

Wala mkaa usitudanganye. Moshi wake ni mchache, lakini hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Katika baridi ya Juni na Julai, mtu asiingize jiko la mkaa chumbani na kufunga mlango. Wako waliolala hivyo wasiamke tena.

Enyi akina baba, kutoboa dirisha ni kazi ya siku moja. Tuianze Jumamosi hii.