Unalipia Nafasi na Siku: Kurudisha Vyombo vya Nyumba kutoka Uingereza hadi Afrika Mashariki

Chukua sofa ya watu watatu: urefu mita 2, upana sentimita 90, kimo sentimita 80, uzito kilo 60. Pembeni yake weka maboksi mawili ya vitabu yenye uzito huohuo. Kwa meli ya kwenda Dar es Salaam, sofa italipiwa mita za ujazo 1.44, na vitabu vitalipiwa kidogo zaidi ya sehemu ya kumi ya mita moja. Kwa ndege sofa inaumiza zaidi. Urefu, upana na kimo chake kwa sentimita huzidishwa, kisha jibu hugawanywa kwa 6,000, na sofa ya kilo 60 inatozwa kama mzigo wa kilo 240.

Ndugu wengi wanaojiandaa kurudi nyumbani huanza kwa kuulizia bei ya kilo. Kwa meli, bei inahesabiwa kwa mita ya ujazo, ile CBM inayoandikwa kwenye ankara, na kilo huingia tu pale mzigo unapozidi tani moja kwa kila mita. Vyombo vya nyumba karibu kamwe havifiki huko. Nimeona familia zikitumia akiba ya miaka kusafirisha hewa iliyomo ndani ya makabati, na jambo hilo linaniuma kwa sababu lingeweza kuepukwa mapema kabisa.

Hesabu hii ilikotoka

Zamani meli ilipakiwa kipande kwa kipande. Makuli walibeba magunia, mapipa na masanduku mabegani, meli ikakaa gatini kwa siku nyingi, na vitu vikavunjika au kuibwa njiani. Mwezi Aprili 1956, mfanyabiashara wa malori wa Marekani, Malcom McLean, alisafirisha makontena 58 juu ya meli ya Ideal X kutoka Newark hadi Houston. Gharama ya kupakia tani moja, iliyokuwa dola 5.86, ilikadiriwa kushuka hadi senti 16 hivi. Katika miaka ya 1960 vipimo vikakubaliwa kimataifa, na leo kreni ya bandari ya Felixstowe, Uingereza, na ya Kilindini, Mombasa, zinanyanyua sanduku lenye vipimo vilevile.

Tangu hapo, kinachouzwa baharini ni nafasi ndani ya sanduku. Kontena la futi 20 lina ujazo wa mita 33 hivi, na la futi 40 lina 67. Mtu mwenye mita nne za mzigo hawezi kulijaza, ndipo anapokuja wakala wa mizigo ya kuchanganya: hukodi kontena zima, akaliuza mita kwa mita kwa watu wengi, na faida yake ni tofauti ya bei hizo mbili. Ndiyo maana tarehe ya kuondoka husogezwa. Kontena lisilojaa ni hasara yake, hivyo atasubiri wateja wengine.

Mpango huu ni mzuri kwa mwenye mzigo mdogo, ila unakufunga na usiowajua. Mmoja akificha bidhaa za biashara ndani ya "vyombo vya nyumba", forodha inaweza kulikagua kontena zima, na mzigo wako halali ukasubiri pamoja na wa kwake. Kabla ya kulipa, uliza mambo matatu: kontena linafungwa lini, hati ya shehena itaandikwa jina la nani, na gharama za upande wa bandari ya kufikia zimo kwenye bei au la. Wakala mwaminifu atakujibu yote kwa maandishi. Mzigo ukikaribia mita 13 hadi 15, omba pia bei ya kontena zima la futi 20, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo bei mbili hizo hukutana.

Njia ya bahari na bima

Njia fupi kutoka Uingereza hupita Mfereji wa Suez, kisha Bahari ya Shamu. Machi 2021 meli ya Ever Given iliuziba mfereji huo kwa siku sita. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen yalizifanya kampuni nyingi kuzungushia meli zao Rasi ya Tumaini Jema, safari zikarefuka na nauli zikapanda. Anayepanga kuhama anapaswa kuacha wiki kadhaa za ziada.

Ever Given ilifundisha jambo jingine ambalo watu wetu hawaambiwi wanaponunua nafasi. Mwenye meli alitangaza mchango wa pamoja wa hasara, kanuni ya kale ya bahari: gharama ya kuokoa meli na shehena iliyo hatarini hugawanywa kwa kila mwenye mali melini. Mwenye bima alidhaminiwa na kampuni yake. Asiye na bima alitakiwa kutoa dhamana mwenyewe ndipo aachiwe mzigo, hata kama hakuna kilichoharibika.

Orodha ya mzigo nayo ina thamani ya fedha. Kanuni za Hague-Visby, zilizomo katika sheria ya Uingereza ya 1971, zinaweka kikomo cha fidia kwa kila kifurushi au kila kilo, na idadi ya vifurushi husomwa kwenye hati ya shehena. Ukiandikiwa "kontena moja la vyombo vya nyumba", linaweza kuhesabiwa kuwa kifurushi kimoja. Dai maboksi yako yatajwe kwa idadi.

Msamaha wa ushuru uliopo kisheria

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, katika Jedwali la Tano, inamsamehe ushuru anayehamisha makazi yake kuja nchi mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Msamaha unahusu nguo na vyombo alivyokuwa akivitumia huko alikotoka, pamoja na gari moja alilolimiliki na kulitumia nje kwa angalau miezi 12. Pombe na bidhaa za kuuza hazimo. Mzigo usiofuatana nawe unatakiwa uingizwe ndani ya siku 90 tangu wewe mwenyewe ulipofika, na kamishna wa forodha anaweza kuongeza muda.

Uzito wa msamaha huu unaonekana ukitazama upande wa pili. Tangu Julai 2022, ushuru wa pamoja wa Jumuiya una kundi la asilimia 35, na samani zimo. Asilimia hiyo inapigwa juu ya bei ya kitu, nauli na bima vikijumlishwa, kisha VAT inafuata: 18 Tanzania Bara, 16 Kenya. Kwa hiyo meza mpya ya shangazi iliyochomekwa katikati ya vyombo vyako haina msamaha, na ikionekana inavitia shaka vyako vyote. Iandike peke yake na uilipie.

Kinachostahili nafasi

Urithi wa utawala wa Mwingereza unatusaidia hapa. Plagi za pini tatu za Uingereza zinatumika pia Tanzania, Kenya na Uganda, na umeme wa nchi hizo unakaribiana na wa volti 230 wa Uingereza, hivyo cherehani, mashine ya kufulia au vifaa vya fundi vitafanya kazi siku ya kwanza. Anayetoka Marekani hana bahati hiyo, kwa kuwa umeme wa huko ni volti 120. Vifaa vibovu usivipakie kabisa: kisheria ni taka, na nyumbani hatuna haja ya kuwa jaa la Ulaya.

Samani kubwa ningeziuza. Mafundi wa Keko jijini Dar es Salaam na wa Ngong Road jijini Nairobi wanatengeneza kitanda na kabati kwa kipimo cha chumba chako, na fedha inabaki kwa watu wetu. Nafasi iachiwe vitabu, zana za kazi, vifaa vya matibabu, vyombo vizuri vya jikoni, na picha za familia ambazo hazinunuliki popote.

Wanaokwenda Kigali, Bukavu au Lubumbashi wana hesabu ya ziada. Kutoka bandari ya Dar hadi Kigali ni karibu kilomita 1,500 za barabara, mzigo husafiri chini ya dhamana ya forodha, na kontena tupu kwa kawaida linatakiwa lirudishwe. Kwao kila mita iliyopunguzwa inaokoa mara mbili, baharini na barabarani.

Siku za bandarini

Mzigo ukishateremshwa, hupewa siku chache za bure, kisha hifadhi inatozwa kila siku, na kwa kontena zima inaongezeka tozo ya kulichelewesha sanduku lenyewe. Akiba ya miezi inaweza kuyeyuka hapo kwa sababu ya karatasi moja. Kwa hiyo mtafute wakala wa forodha mwenye leseni kabla meli haijang'oa nanga, mtumie nakala ya pasipoti, uthibitisho wa kuhama na orodha ya vyombo, na mwache asome hati ya shehena ikiwa bado rasimu, kwa sababu jina lililokosewa ni rahisi kusahihishwa London kuliko Dar. Nunua nafasi melini baada ya yeye kukuambia kwamba pasipoti, uthibitisho na orodha vimekamilika. Wakala wa mizigo anayekuharakisha ulipe kabla ya hapo hakufai.