Bei ya Kisu cha Kukunja

Sebenza ni neno la Kizulu lenye maana ya kufanya kazi, nalo ndilo jina alilolichagua Chris Reeve, fundi wa Afrika Kusini aliyehamia mji wa Boise katika jimbo la Idaho, Marekani, mwaka 1989, kukiita kisu cha kukunja alichokuwa amekwisha kukibuni miaka miwili kabla ya safari hiyo, na ambacho mpaka leo, baada ya kurekebishwa mara kadha wa kadha, huuzwa kwa zaidi ya dola 400. Huko Ufaransa, wakati huohuo, mtu aweza kununua Opinel nambari 8, kisu cha kukunja cha mpini wa mbao ambacho asili yake ni Joseph Opinel wa Savoie, mwaka 1890, kwa bei isiyofika dola 25. Vyote viwili huingia mfukoni, vyote viwili humenya chungwa, hukata kamba na kufungua barua. Na mwenye akili timamu akiviona vimelazwa pamoja juu ya meza ya muuzaji ana haki ya kuuliza fedha ile yote iliyozidi imekwenda wapi, na kama imekwenda mahali pa halali.

Jibu la kwanza huwashangaza wengi, nalo ni kwamba fedha hiyo haikwenda katika ukataji. Kisu hukata kwa umbo lake kabla ya kukata kwa madini yake: bapa likiwa jembamba nyuma ya makali hupita ndani ya kitu bila ya kukisukuma, na likiwa nene, hata kama makali yenyewe yanaweza kunyoa ndevu, hugeuka kabari ikapasua karoti badala ya kuikata. Opinel ina bapa jembamba sana, na kwa chakula cha mchana wachache kati ya ndugu zake wa bei kubwa wataweza kuishinda. Na visu vingi vya fahari hufanywa vinene kwa makusudi, ili mnunuzi auhisi uzito wake mkononi aamini kuwa amepewa kitu cha nguvu. Hapo ndipo ninapowaonya wanunuzi wasipime thamani kwa mizani.

Katika chuma, fedha hupata sababu ya haki zaidi. Waswahili wa kale walikuwa na neno feleji kwa chuma kilichovipita vyuma vingine kwa ubora, na upanga wa feleji haukuwa mali ya kila mtu. Naye al-Idrisi, mwanajiografia aliyekamilisha kitabu chake kwa ajili ya mfalme wa Sisilia mwaka 1154, aliandika kwamba chuma cha Sofala kilichukuliwa na wafanyabiashara hadi India, na huko kikapata bei njema kwa sababu ya wema wake. Feleji ya zama zetu hutengenezwa kwa namna ambayo wahunzi wale wasingeiota: madini yaliyoyeyushwa hupulizwa kwa gesi yakawa unga, kisha unga huo hushindiliwa kwa joto na nguvu nyingi ukawa kipande kimoja, ili chembe ngumu zilizomo ndani yake ziwe ndogo na zienee sawasawa. Mfano wake ni chuma kiitwacho S30V, kilichotolewa mwaka 2001 na kampuni ya Crucible ya Marekani, Reeve mwenyewe akiwa miongoni mwa mafundi walioshauriwa, nacho kina kaboni kiasi cha asilimia 1.45, kromiamu asilimia 14 ya kuzuia kutu, na vanadiamu asilimia 4 ya kuyafanya makali yadumu. Chuma hicho ni ghali kukinunua, na ni ghali zaidi kukichonga, kwani ugumu uleule anaousifu mnunuzi ndio unaozila zana za fundi.

Lakini jina la chuma lililochorwa kwenye bapa ni nusu tu ya habari. Chuma hicho sharti kitiwe moto upitao nyuzi 1,000, kipozwe kwa haraka, kisha kipashwe tena kwa moto mdogo ili kisiwe kikavu cha kuvunjika, na katika hatua hizo kosa dogo la joto au la muda laweza kukifanya chuma bora kuwa duni kuliko chuma cha kawaida kilichopikwa na fundi hodari. Jambo hili halionekani kwa jicho wala haliguswi kwa kidole. Kwa hiyo mnunuzi hulilipia kwa kumwamini mtengenezaji, na imani hiyo ndiyo bidhaa ya kweli anayouziwa. Kuna na jambo la pili ambalo wauzaji hulinyamazia: chembe za vanadiamu ni ngumu kuliko chembe za vinoo vingi vya kawaida, hivyo mtu asiye na kinoo cha almasi, siku kisu chake cha dola 400 kitakapokuwa butu, atataabika nacho jioni nzima, ilhali mwenye Opinel ya chuma cha kaboni atakirudisha kisu chake katika ukali kwa dakika chache.

Mahali ambapo mimi binafsi naona fedha imetumika kwa insafu kuliko pengine pote ni katika bawaba na komeo. Opinel hufungwa kwa pete ya chuma inayozungushwa kwa kidole, iliyoongezwa mwaka 1955, nayo ni buni nzuri isiyo na ujanja. Lakini mpini wake ni wa mbao, na mbao ikilowa huvimba ikalishika bapa lisifunguke upesi. Reeve alikwenda njia nyingine. Aliufanya mpini kwa mbavu mbili za titaniamu, akaukata ukingo wa ubavu mmoja ukawa ulimi wenye nguvu ya kamani, ambao kisu kikifunguliwa huingia ndani na kusimama nyuma ya mkia wa bapa, hata kadiri mkono unavyoubana mpini ndivyo na komeo linavyozidi kukaza. Titaniamu ni nyepesi na haishiki kutu, ila ni laini kuliko feleji, na ulimi wake huweza kulika kwa kusuguana. Ndiyo maana katika Sebenza za sasa pamewekwa gololi ndogo ya kauri mahali vitu hivyo viwili vinapokutana. Kazi hii ya kulinganisha ulimi na mkia, na msumari wa bawaba na tundu lake, hadi bapa lizunguke kama lililopakwa mafuta na bado lisitikisike, haina njia ya mkato, na hapo ndipo saa za fundi zinapokwenda.

Nayo, tofauti na upikaji wa chuma, yaweza kupimwa dukani. Kifungue kisu, ulishike bapa kwa mgongo wake, ulitikise kwa upole kulia na kushoto, kisha juu na chini, likicheza, rudisha. Kifunge ukitazame kutoka juu, uone kama bapa limekaa katikati au limeegemea ubavu mmoja. Kifungue na kukifunga mara ishirini, uone kama ulimi unasimama mahali palepale kila mara. Kisu cha dola 400 kisichopita majaribio haya kimekuibia, hata kikiwa kimetengenezwa kwa chuma gani.

Nikija kwenye jina, hapana budi niseme kwa ukali kidogo. Methali yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini katika soko la visu kibaya kimejifunza kuvaa nguo za kizuri. Laguiole ni kijiji cha Ufaransa kilichotoa kisu chembamba chenye umbo la nyuki juu ya kamani yake, na visu hivyo hufuliwa kwa ustadi kijijini hapo na katika mji wa Thiers. Walakini kwa muda mrefu jina lenyewe halikuwa na ulinzi, na nyuki yule yule amebandikwa juu ya visu dhaifu vilivyotoka mbali sana na milima ya Aubrac. Wajerumani waliwahi mapema: jina la Solingen lililindwa kwa sheria tangu mwaka 1938. Kadhalika mawimbi ya kupendeza yaitwayo Dameski, ambayo leo hupatikana kwa kufua pamoja vyuma vya aina mbili, huongeza bei sana na ukali si lazima, na mengine yamechorwa tu juu ya uso wa chuma kwa hadaa. Anayependa uzuri na aulipie uzuri, mradi ajue ndio anaoununua.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mwenye haja ya kukata matunda na kamba, Opinel yamtosha, wala asione haya. Mwenye kutaka kisu kimoja cha kumfaa miaka mingi, ambacho mtengenezaji wake hukubali kukipokea tena kukisafisha na kukinoa, hadhulumiwi akilipa bei ya Sebenza. Na yeyote anayesafiri nacho kwenda Uingereza aikumbuke sheria ya huko: kisu cha kukunja kinachoruhusiwa kubebwa hadharani bila ya sababu maalumu ni kile kisicho na komeo, ambacho makali yake hayazidi inchi 3, hivyo Sebenza na Opinel nambari 8 zote mbili zibaki nyumbani.