"Laki nne na ishirini" ni shilingi ngapi?

Mpwa wangu aliuza ploti hapa Machakos kwa shilingi 420,000. Mkataba uliandikwa kwa mkono, bei ikatiwa kwa maneno pekee: "shilingi laki nne na ishirini". Siku ya malipo mnunuzi akaleta 400,020. "Mjomba, huyu si ananichezea?" mpwa wangu akaniuliza kwenye simu. Nikamwambia pole, lakini kwa jinsi mlivyoandika, mwenzako ana hoja.

Tuanze na tarakimu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,421,932 katika Kaunti ya Machakos. Nambari hii ina sifa zisizobadilika, uitaje kwa lugha yoyote. Ni shufwa, kwa kuwa inaishia kwa 2. Inagawika kwa nne bila baki, maana tarakimu zake mbili za mwisho, 32, zinagawika kwa nne. Kwa hiyo si nambari tasa. Haigawiki kwa tatu, kwani jumla ya tarakimu zake ni 22, nayo 22 haigawiki kwa tatu.

Sifa inayotuhusu leo ni ya nafasi. Humo mna 2 mara mbili. Ya kwanza ina thamani ya 20,000, ya mwisho ni mbili tu. Tarakimu ni ileile. Kinachoipa thamani ni pale ilipokaa. Tunapoandika kwa maneno, kazi hiyo ya nafasi hufanywa na majina: mia, elfu, laki, milioni. Elfu tuliipata kwa Waarabu na laki ikatoka Bara Hindi, lakini wajibu wao ni mmoja. Ukiliacha jina, umeiacha nafasi.

Ndiyo maana "ishirini" isiyo na "elfu" ni ishirini, basi. Mazungumzoni tunaelewana kwa sababu sote tunajua bei ya ploti haiwezi kuishia kwa shilingi ishirini. Karatasi haijui bei za ploti.

Elfu nayo ina mtego wake. "Elfu ishirini na moja" ni 21,000 au 20,001? Msikilizaji anaweza kuelewa yoyote kati ya hizo. Ukikusudia 21,000, tanguliza idadi: "ishirini na moja elfu". Ukikusudia 20,001, weka koma: "elfu ishirini, na moja". Kwa kanuni hiyo, watu wa Machakos ni milioni moja, mia nne ishirini na moja elfu, mia tisa thelathini na wawili. Hapo hakuna wa kubishana nawe.

Na ile ploti? Wazee waliketi, wakauliza bei waliyokubaliana kwa mdomo, na mnunuzi akaongeza 19,980. Risiti mpya inasema "laki nne na elfu ishirini", na pembeni yake tarakimu: 420,000. Nawe msomaji, kabla hujatia sahihi, hakikisha maneno na tarakimu zinasema jambo moja.