Malaria "ikipanda kichwani", inapanda wapi hasa?

Bila shaka umewahi kusikia mtu akisema: "Mtoto wa jirani malaria ilimpanda kichwani." Inaanza homa, inafuata degedege, halafu mtoto anapoteza fahamu. Ukisikia hivyo unadhani vimelea vimetoka kwenye damu, vimeingia ubongoni na vinautafuna. Sivyo. Vimelea hivyo vinabaki ndani ya mishipa ya damu, na fujo yote vinaifanyia humo humo.

Hebu tuanze na seli nyekundu ya damu. Upana wake ni kama maikromita 7 hadi 8, lakini kapilari, yaani mishipa midogo kuliko yote, nyingine ni nyembamba kuliko hapo. Seli nzima ni laini, kwa hiyo inajikunja na kupita. Ikishaingiliwa na Plasmodium falciparum, inakuwa ngumu. Sasa kuna bandama, ambayo kazi yake mojawapo ni kuchuja seli ngumu na zilizochakaa. Kimelea kikipita pale kimekwisha. Kinafanyaje basi? Kinajishikiza ili kisipite.

Ndani ya seli nyekundu, kimelea hukua kwa takriban saa 48. Nusu ya kwanza ya muda huo, seli inazunguka mwilini kama nyingine. Nusu ya pili, inaota vinundu vidogo sana vyenye protini iitwayo PfEMP1, na protini hii ndiyo inayonata kwenye ukuta wa ndani wa mishipa midogo. Kimelea kina takriban jeni 60 za kutengeneza protini hiyo na hubadilisha moja hadi nyingine. Kinga ya mwili ikiitambua hii, inaletewa ile.

Zikishanata nyingi, piga picha kichochoro ambacho bajaji zimepaki pande zote mbili. Damu inapita kwa shida, oksijeni na sukari hazifiki vizuri. Tena kuna aina za PfEMP1 zinazokalia sehemu ya ukuta iitwayo EPCR, ambayo kwa kawaida husaidia damu isigande ovyo na mshipa usivuje. Mshipa ukianza kuvuja, ubongo unavimba, na fuvu halitanuki. Huko Malawi, utafiti uliotolewa mwaka 2015 ulipiga picha za MRI za ubongo wa watoto 168 wenye malaria ya ubongo. Waliofariki walikuwa 25, na kati yao 21 ubongo ulikuwa umevimba sana walipofika hospitali.

Jambo hili halitupati sisi binadamu peke yetu. Huko Asia kuna kima waitwao makaka, nao wana malaria zao. Plasmodium coatneyi hunata kwenye mishipa ya makaka, ikiwemo ya ubongo, karibu kama falciparum inavyotufanyia sisi, ndiyo maana watafiti huitumia kujifunza hatua ambazo kwa mgonjwa haziwezi kuonekana. Nyingine ni Plasmodium knowlesi, inayozaliana kila baada ya saa 24. Miaka ya 1940 Mmarekani Melvin Knisely na wenzake walitazama kwa hadubini mishipa ya makaka walio hai wenye knowlesi, wakaona seli zimegandamana na damu inakwenda polepole kama tope. Leo tunajua knowlesi huambukiza watu pia, hasa Malaysia.

Sasa rudi kwenye kile kidole chako kinachotobolewa maabara. Damu ile inaonyesha zaidi vimelea vichanga, vile ambavyo bado vinazunguka. Vilivyokomaa vimenata ndani, hadubini haivioni. Kwa hiyo ukiambiwa "una wadudu wawili tu", usifikiri umepona. Wachache waliohesabiwa wanaweza kuwa na wenzao wengi mafichoni.

Daktari ana dirisha moja la kuchungulia: jicho. Mishipa ya retina inafanana na ya ubongo, na ikiziba inaacha alama. Alama hizo ni muhimu, maana si kila mtoto mwenye vimelea na aliyezimia anaumwa malaria ya ubongo. Blantyre, mwaka 2004, watafiti waliripoti uchunguzi wa miili ya watoto 31 waliodhaniwa kufa kwa ugonjwa huo. Watoto 7 walikuwa wameuawa na kitu kingine.

Hapo utaelewa pia kwa nini sindano ya artesunate ilichukua nafasi ya kwinini kwa malaria kali. Kwinini huua zaidi vimelea vilivyokomaa. Artesunate huua hata vichanga, kabla havijanata. Jaribio lililotangazwa mwaka 2010, lenye watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Kongo, lilionyesha vifo asilimia 10.9 kwa kwinini na asilimia 8.5 kwa artesunate.

Kwa hiyo mtoto akipata homa jioni, usiseme tumpe ya kutuliza kwanza tuone hadi keshokutwa. Saa 48 zinamtosha kimelea kukua, kunata, kupasua seli na kuachia wengine. Mpeleke akapimwe siku ile ile, na akipewa dawa mseto, amalize dozi hata kama homa imeshuka.